Mkoa wa Msimu Mmoja na Haja ya Mbegu ya Pili

Joto la mwezi wa Oktoba katika Mkoa wa Songwe lina sababu yake, na sababu hiyo yafaa ielezwe kwanza, asije mtu akadhani kuwa limetushukia kwa ghadhabu au kwa sadfa. Katika safari yake ya kila mwaka kutoka kaskazini kwenda kusini, jua hutufikia utosini, sisi tukaao kiasi cha nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, katikati ya Oktoba. Na wakati huo mbingu ni nyeupe, ardhi imekauka tangu Mei, milima mingi imekwisha kuunguzwa, na hapana wingu la kuukinga mwali wala unyevu wa kuupoza. Mvua hulifuata jua, walakini huja nyuma yake kwa majuma kadhaa, mpaka ule ukanda ambamo pepo za kaskazini na pepo za kusini hukutana uteremke hadi kwetu, ukisaidiwa na hewa yenye maji itokayo upande wa Kongo. Aghalabu hutufikia baina ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Desemba. Sasa Novemba imekwisha kuvuka nusu, mawingu hukusanyika alasiri juu ya vilima vya Mbozi na kutawanyika kabla ya magharibi, na joto ambalo lilipaswa kuwa limevunjika bado lipo.

Mjini Tunduma, hapo mpakani, dhiki hii ina sura yake. Malori yaendayo Zambia husimama kwa foleni ndefu juani, vumbi huingia madukani na jikoni, na foleni nyingine, ya madumu ya manjano, hupangwa alfajiri penye kila bomba au kisima kinachosemekana kutoa maji. Shida ya maji ya mji huu ni kongwe, na mji wenyewe umekua upesi kuliko mabomba yake: sensa ya 2012 iliwakuta watu wasiotimia laki moja, na ile ya 2022 ikawakuta zaidi ya laki mbili. Mtu wa mjini huyahesabu madumu na kuomba mvua inyeshe ili visima virudi. Dua yake ni ya haki, lakini makala haya nayaelekeza zaidi kwa yule aliye nje ya mji, ambaye mvua ikichelewa hupoteza mwaka, na ambaye mvua ikija mapema kwa siku mbili kisha ikakatika hupoteza mwaka pamoja na mbegu.

Watanzania wengi wa pwani na wa kaskazini wana misimu miwili, vuli na masika, na mkulima wa huko akikoseshwa na vuli hubaki na tumaini la Machi. Sisi wa nyanda za juu kusini magharibi hatuna jambo hilo. Mvua zetu ni za msimu mmoja, zianzao Novemba na kumalizika Aprili, na katika miezi hiyo sita hutoka mahindi na maharage ya Mbozi, mpunga wa Kamsamba, alizeti, ufuta, na kila kitakacholiwa, kitakachouzwa na kitakacholipa ada ya shule hadi mavuno ya mwaka unaofuata. Kwa mahindi ya muda mrefu yanayopendwa katika nyanda za juu, majuma matatu ya mwanzo yakipotea ni nadra kufidiwa na majuma matatu ya mwisho, kwa kuwa mmea uliochelewa hukutwa na ukame wa Aprili na Mei ukiwa bado haujajaza punje. Kwa hiyo swali la siku gani ya kupanda, ambalo mahali pengine huweza kujibiwa mara mbili kwa mwaka, kwetu hujibiwa mara moja. Na kila mkulima hulijibu peke yake, akisimama ukingoni mwa shamba lake na kutazama juu.

Tumtazame mkulima mmoja wa namna hiyo, mathalani mama wa kijiji cha Igamba mwenye ekari tatu. Tangu Septemba amekwisha kulima, kwa jembe la mkono au kwa plau ya maksai aliyoikodi, na udongo umekaa tayari. Amenunua mbegu za dukani, kilo kumi kwa kila ekari, yaani vifuko kumi na vitano vya kilo mbili mbili; na fedha hiyo aliipata kwa kuuza sehemu ya mahindi yake mwezi wa Julai, wakati bei ilipokuwa chini kwa sababu kila mtu alikuwa anauza. Usiku mmoja wa Novemba radi inapiga, mvua inanyesha kwa saa mbili, na asubuhi ardhi inatoa ile harufu ambayo hapana mkulima awezaye kuisikia akabaki kitandani. Jirani zake wote wako shambani. Je, asubiri? Akisubiri, na kumbe hiyo ndiyo mvua yenyewe, atakuwa amepitwa, na jirani watasema kuwa alilala. Akipanda, na kumbe ni mvua ya kupita, mbegu zitaota kwa unyevu wa siku tano, zitatoa majani mawili au matatu, kisha jua kali lile lile la Oktoba litaziunguza juma la pili. Na zitakazosalia zitakuwa chakula cha viwavi jeshi vamizi, wadudu walioingia nchini mwaka 2017 na ambao hustawi pale mmea unapodhoofishwa na kiu.

Wanaoijua elimu ya hali ya hewa hawaiiti mvua hiyo mwanzo wa msimu. Kwao msimu huhesabiwa kuwa umeanza pale mvua inapotimia kiasi cha milimita 20 au zaidi ndani ya siku chache, na baada yake pasiwepo na mfululizo mrefu wa siku kavu katika majuma yanayofuata. Sharti la pili ndilo lenye uzito, na ndilo ambalo jicho la mkulima haliwezi kulithibitisha, kwa kuwa linahusu siku ambazo hazijaja. Kumlaumu mama yule kwa kupanda mapema ni kumlaumu kwa kutoijua ghaibu. Hakukosea kwa uvivu wala kwa ujinga. Alitenda kama alivyotenda mama yake, katika zama ambazo mwanzo wa mvua ulikuwa na uaminifu zaidi. Na hasara yake ni kubwa kuliko bei ya mbegu: nguvu ya siku za kupanda imekwenda, mbolea ya kupandia imezikwa pamoja na mche uliokufa, na fedha ya kununua mbegu nyingine haipo. Kwa hiyo atachukua mahindi yaliyobaki ghalani, yaliyovunwa kutoka katika mbegu chotara, atayapanda hayo, na mavuno yatapungua kwa sababu mtoto wa chotara hamrithi mzazi wake. Umaskini wa Julai utakaofuata umeanza katika asubuhi hiyo moja ya Novemba.

Mwenye kahawa naye hayuko salama. Mbuni hukusanya vichomozo vyake wakati wa kiangazi na kungoja mvua ya kwanza. Ikinyesha, siku chache baadaye mashamba ya Mbozi huwa meupe kwa maua, na manukato yake huvuka barabara kuu. Lakini mbuni nao hudanganyika. Mvua hafifu ikiuamsha kisha joto likarudi, maua hunyauka kabla hayajashika, au hutokea kwa mafungu mafungu, na mavuno yakawa ya kuchumwa kidogo kidogo kwa miezi mingi na kwa gharama nyingi.

Sasa nije kwenye jambo linalonisumbua zaidi mintarafu ya habari tunazopewa. Mwanzo wa kila msimu taifa zima huzungumza juu ya mvua kana kwamba ni moja, na mazungumzo hayo huongozwa na hali ya Dar es Salaam na ya kaskazini. Ikitangazwa kuwa El Niño imeingia, watu hukumbuka mafuriko ya 1997 na 1998, na mkulima wa Wilaya yetu ya Momba anayesikiliza redio hudhani kuwa nchi itajaa maji, akapanda kwa haraka. Ilhali El Niño, ambayo ni kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki, ina tabia mbili katika upande wetu wa Afrika: huongeza mvua katika nchi zilizo karibu na Ikweta, na huzipunguza katika nchi za kusini, Zambia, Malawi na Zimbabwe. Msimu wa 2023/24 ulituonyesha tabia zote mbili kwa uwazi unaotia uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang yaliifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Na tarehe 29 Februari 2024, mwaka huo huo wa kilimo, Rais Hakainde Hichilema aliutangaza ukame kuwa janga la taifa la Zambia, baada ya takriban hekta milioni moja za mahindi kuharibika kati ya hekta milioni 2.2 zilizokuwa zimelimwa. Tunduma iko baina ya mambo hayo mawili. Nakonde, mji wa Zambia, hautenganishwi nasi na mto wala mlima; ni barabara moja, na watu wa pande zote mbili huoana na kuzikana. Mkoa uliowekwa na jiografia katika mpaka wa tabia mbili za mvua hauwezi kuongozwa na tangazo lililoandikwa kwa ajili ya mmoja wa majirani zake.

Matokeo ya ukame ule yalipita mbele ya macho yetu. Mwezi wa Julai 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uliingia mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi, na ilipendeza kuona nchi yetu ikiwa na cha kumpa jirani mwenye njaa. Lakini kila aliyeyaona mahindi yakivuka mpaka alipaswa kujiuliza: lau ukanda ule wa ukame ungalisogea kaskazini kidogo, nani angalituuzia sisi? Nyanda hizi ni ghala la taifa. Mbeya, ambayo Songwe ilikatwa kutoka kwake mwaka 2016, ilikuwa pamoja na Iringa, Ruvuma na Rukwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi, na tangu zamani hizo Dar es Salaam hula kwa jasho la kusini. Wazee wanaikumbuka miaka ya 1973 na 1974, mvua zilipokosekana na Serikali ikalazimika kununua nafaka nyingi nje kwa fedha za kigeni zilizokuwa chache, mpaka ikaanzishwa kampeni iliyoitwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Jina hilo lilikuwa kali kwa sababu hali yenyewe ilikuwa kali. Kununua chakula baada ya msimu kuharibika ni ghali mno kuliko kununua mbegu msimu ukiwa bado waweza kuokolewa.

Watu wetu wanaomba, na ni vyema waombe. Misikitini huswaliwa sala ya istiskaa, makanisani hutengwa siku za maombi, na katika vijiji vya Wanyiha na Wanyamwanga wapo wazee wanaokumbuka jinsi machifu walivyopelekewa shauri la mvua. Sioni ugomvi wowote baina ya dua na tadbiri. Mabaharia na wakulima wa pwani ya Waswahili, waliokuwa watu wa dini, walianza kuhesabu mwaka wa jua kutoka siku ya Nairuzi na kuugawa kwa miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua muongo wa kusafiri, muongo wa kuchoma shamba na muongo wa kupanda. Ni jambo la kutia moyo kwamba Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo huitazama mvua ya wakulima kwa vipindi vya siku kumi. Elimu ya zamani na elimu ya sasa zimekutana katika kipimo kimoja. Tofauti ni kwamba zamani kila nahodha na kila mkulima aliijua hesabu hiyo kwa moyo, na leo hesabu iliyo bora zaidi hubakia katika karatasi ambazo wengi wanaozihitaji hawazioni.

Mamlaka hiyo hutoa utabiri wa mvua za msimu, aghalabu mwishoni mwa Oktoba, ikitaja mwanzo wa mvua, kiasi chake na mwisho wake, na imekuwa ikiushusha utabiri huo hadi ngazi ya wilaya katika sehemu kadhaa za nchi. Naishukuru kwa kazi hiyo. Walakini wilaya si kipimo kinachotosha katika Songwe. Wilaya ya Momba peke yake ina Ndalambo iliyo juu, kwenye uwanda unaoelekea Ufipa, na ina Kamsamba iliyo chini katika bonde la Ziwa Rukwa, ambako joto ni la namna nyingine kabisa na mvua ni chache kuliko za Mbozi. Mto Momba hushuka kutoka huko juu hadi katika ziwa hilo lisilo na pa kutokea, kwa hiyo mkulima wa mpunga wa Kamsamba huweza kuletewa maji ya mvua ambayo kwake haikunyesha, au kukauka ilhali wa juu wamelowa. Utabiri mmoja hauwezi kuwafaa wote wawili. Naomba utabiri wa mkoa huu utolewe kwa nyanda na kwa bonde, kila mahali peke yake, usomwe redioni kila siku kumi kuanzia mwanzo wa Novemba hadi mwisho wa Januari, na utamke waziwazi jambo lile moja ambalo mkulima anataka kulijua: mvua iliyonyesha juma hili, inatazamiwa kufuatwa na siku ngapi kavu? Afisa ugani awe na jibu hilo katika simu yake, na awe na pikipiki yenye mafuta ya kumfikisha kijijini kulisema.

Hata hivyo utabiri ni dhana yenye nguvu tu, hauwi yakini, na wapo watakaopanda kwa kuuamini kisha wakapoteza. Ndiyo sababu rai yangu kubwa ni ile ya mbegu ya pili. Tangu msimu wa 2022/23 Serikali inatoa mbolea ya ruzuku, na baadaye imeongeza ruzuku ya mbegu za mahindi. Wakulima wameandikishwa, wana namba zao, na madaftari yapo. Utaratibu huu mwema una upungufu mmoja, nao ni kudhani kuwa mkulima hupanda mara moja. Ninashauri kwamba katika mikoa ya msimu mmoja itengwe akiba ya mbegu za muda mfupi, zile zinazokomaa mapema, na hapa Songwe iwekwe katika maghala ya Vwawa, Chitete, Itumba na Mkwajuni kabla ya Desemba. Na mkulima ambaye miche yake imekauka, afisa ugani na mtendaji wa kijiji wakishuhudia, apate mbegu ya kurudia kwa bei ya ruzuku au bila malipo, kwa kadiri ya uwezo wake. Pamoja na mahindi yawepo maharage, mtama na marando ya viazi vitamu kwa ajili ya bondeni, maadamu kurudia zao lile lile katika msimu uliokwisha kusonga si busara kila mahali.

Najua itasemwa kuwa jambo hili litafungua mlango wa udanganyifu, kwamba mtu ambaye hakupanda kabisa atadai kuwa amepanda na kupoteza. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, kwa kuwa ruzuku nyingi zimewahi kuliwa na wasiostahili. Lakini shamba lililokauka halifichiki. Lipo kando ya njia, jirani wote wanalijua, na kijiji kikisoma majina mbele ya mkutano wa hadhara, mwongo atapata taabu kuliko mkweli. Itasemwa pia kuwa wakulima wataacha hadhari na kupanda ovyo kwa kutegemea mbegu ya bure. Anayesema hivyo hajapata kupanda ekari tatu kwa mkono katika joto la Novemba. Mbegu hurudishwa, mgongo haurudishwi, na hapana mtu atakayeuchezea mgongo wake kwa sababu ya kifuko cha kilo mbili.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, nami silipuuzi. Mbegu ya akiba ambayo haikutumika huweza kuharibika, na fedha iliyowekwa humo huonekana kuwa imelala. Lakini mbegu nzuri iliyohifadhiwa vyema huweza kuuzwa katika msimu unaofuata, na hata ile ambayo itapotea ni sadaka ndogo kwa mkoa unaolisha mikoa mingine. Dunia inazidi kupata joto. Mwaka 2024 ulithibitishwa kuwa mwaka wenye joto kubwa kuliko miaka yote iliyopata kupimwa, na wataalamu hawatuambii kuwa Novemba zijazo zitakuwa tulivu kuliko hizi. Tusiungojee mwaka wa shani ndipo tuanze kukadiria.

Wapo waliokwisha kupanda, katika kata ambazo mvua ya kwanza ilipita usiku na kuondoka. Miche yao leo ina majani mawili, na katika mchana hujikunja. Wahesabiwe juma hili, kijiji kwa kijiji, kabla ya mbegu za muda mfupi kumalizika madukani Tunduma, na kabla ya barabara ya kushukia Kamsamba kuharibiwa na mvua hizo hizo tunazoziomba.